Jina la Shahidi

Habari ya Nyota, kama mhariri alivyozoea kumwita ripota wake kipenzi, ilikuwa tamu hadi kumchoma mfasiri roho. Sifa zote kwa Nyota. Mfasiri nani anamjua?

Kidole chake, kilichokuwa kikifuata mistari kwenye skrini, kikasimama. Mwanzoni mwa habari, shahidi aliomba asitajwe, akihofia kuuawa. Huku mwishoni Nyota alijisahau, akaandika jina kamili la shahidi huyo na mtaa anaokaa.

Kulifuta ni kufumba na kufumbua. Mara ngapi amemsitiri Nyota hivyo, bila hata asante!

"Kaka, bado tu?" mhariri aliita. "Umeipitia vizuri?"

Mfasiri alikitazama kidole chake, kucha imetafunwa hadi nyamani. Kikashuka, kikabonyeza kitufe cha kutuma.

"Neno kwa neno, bosi."