Nungunungu Amshitaki Jirani kwa Bwawa

Nungunungu hakuweza kuona jambo la jirani akanyamaza. Alimshitaki Fisimaji kwa Korongo, bwana mazingira wa bonde: "Kachimba bwawa lake upya, tena bila kibali!"

Korongo akaja, akalipima bwawa kwa hatua ndefu. Fisimaji akajitetea: "Maji yanapungua kila siku, bwana. Nimechimba kuyafuata."

"Mwongo huyo!" Nungunungu akacheka, akamkaribisha mgeni kwake. Kwa kuwa mgeni haondoki mdomo mkavu, akampasulia tikiti jekundu, linalochuruzika.

"Tamu!" Korongo akasema. "Na kiangazi hiki, umelimwagilia kwa maji gani?"

Miiba yote ikamsimama Nungunungu. Nyuma ya shamba lake la matikiti, mfereji wake wa siri ulitiririka kutoka bwawani.

"Nikatie kipande kingine," Korongo akasema, "wakati nabadilisha jina la mshitakiwa."