Kurasa za Wifi Yangu

Mhariri alinisogezea mswada wa kitabu cha maisha yangu, nikaona kalamu nyekundu imepita juu ya kurasa zote za wifi yangu.

"Bibi, hizi hazisogezi hadithi. Zikitoka, kesho kitabu kinaenda kwa mpiga chapa."

Mara ya tatu hii. Kwanza alitaka nipunguze, nikapunguza. Kisha akataka nitie ugomvi kwenye hadithi, nikautia.

"Mjukuu wangu, huyu alininyonyeshea mwanangu miezi minne, mimi nimelazwa."

"Naelewa, ila msomaji atachoka."

"Wewe ulichoka?"

Akainamisha macho. Si mtu mbaya; kiti changu alikivuta mwenyewe karibu na feni. Lakini kalamu yake ilikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Nikafunua ukurasa wa kwanza kabisa, nikapiga mstari juu ya jina langu.

"Basi nitoe na mimi."