Jipu Lililokataa Kupona

Je, mwenzangu, umekwisha kuona gari linalougua kama mtu, leo linapata nafuu, kesho linazidiwa? Basi lilikuwapo moja, mtaa wa Kasuku, hapa hapa Kindu, uani kwa Apolline, kati ya kamba ya nguo na kinu chake cha mpunga.

Lilikuwa jipu la Kakule, mfanyabiashara wa chumvi kutoka Butembo. Bulaimu, mume wa Apolline, ndiye aliyeliendesha, Kindu na Kampene, Kampene na Kindu, mpaka siku alipoteleza kwenye daraja la magogo, jipu likalala mtoni magurudumu juu, kama mende. Yeye alitoka na mchubuko wa pua tu. Kakule akalikokota kwa lori mpaka uani.

"Litengeneze hapa kwako," akamwambia. "Siku litapumua, unarudi njiani."

"Maiti gani hii munaniletea?" Apolline alifoka, majirani wasikie. "Mihogo nitaanika wapi?"

Lakini moyoni, ee, moyoni yalikuwa mengine. Tangu aolewe, mumewe alikuwa mgeni wake: anakuja na vumbi, anafuliwa, anaondoka. Sasa asubuhi anamsikia akinyoosha mabati kwa nyundo, jioni anamwona akigombana na kuku. Hata mashavu yake Apolline yalianza kunawiri. Na mwanamke gani atamwambia dereva "baki"? Watu wangesema amemtilia dawa kwenye mboga.

Basi akaiba.

Siku Bulaimu alipomaliza kunyoosha bodi, akasema "kesho tunawasha," buji moja, ile plagi ya kuwasha injini, ilijikuta chini kabisa ya mtungi wa mchele. Alipopata buji nyingine, ukapotea mkanda wa feni. Apolline alikuwa ameufunga kiunoni, ndani ya kitenge, na siku ile hata kuinama aliinama kwa adabu. Kifuniko cha delko, kile kinachogawia buji moto, alikisukuma chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, na kuku akakipokea kama yai lake.

"Nani anaroga hii gari?" Bulaimu alipiga kelele, mikono kichwani. "Miye njia inaniita! Kampene inanililia!"

Kisha ananawa mikono, anamgeukia mkewe. "Mama Claudine, leo tunakula nini?"

Maneno yale ya njia yalimchoma Apolline kila mara. Lakini hakurudisha kitu.

Halafu akashikwa na homa, akalala juma zima. Kitandani alisikiliza nyundo ikipiga, akajua amekwisha: akipona, mume atakuwa njiani. Alipopata nguvu ya kusimama, akatoka akiegemea ukuta, akamkuta Bulaimu amelala chali chini ya jipu, anasonya.

"Sindano ya kabureta imepotea," akasema. "Kijiti kidogo hivi, kama msumari. Mbuzi ya jirani Françoise imemeza."

Apolline akamshukuru Mungu, na mbuzi pia.

Jumamosi moja, watu wakiwa wanatoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na majembe begani, Kakule akaingia uani, abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi hadi mifuko. Nyuma yake alikuja Mbaraka, dereva mwingine, kijiti cha meno mdomoni.

"Citoyen Bulaimu," Kakule akasema, "chumvi yangu inayeyuka hapa, na wachimbaji wa Kampene wanakula mboga bila chumvi kama majani ya mbuzi. Jipu ninaivuta leo. Uliniambia weye ni fundi!"

"Fundi?" Mbaraka akacheka. "Huyu hata mlango ya choo hawezi. Pengine kuku wake njo fundi."

Majirani wakajaa mlangoni, wakacheka nao. Bulaimu akainamisha kichwa. Apolline akaona jina la mumewe linakanyagwa kama udongo wa matofali, na kosa si lake. Akaingia ndani. Aliporudi alibeba beseni: buji, mkanda, na kifuniko cha delko kikiwa kingali na manyoya. Akapiga magoti.

"Patron, usimutukane bwana yangu. Yeye njo fundi kweli. Mwizi njo miye."

"Mama Claudine!" Françoise akashika mdomo. "Weye?"

Bulaimu alitazama beseni, jasho likimtiririka shingoni. Mbaraka akafunua injini, akafunga vitu kimoja kimoja, akatumbukiza manivela, ule mpini wa chuma wa kuwashia, akazungusha kwa nguvu zote. Jipu likakohoa. Likanyamaza. Akazungusha tena, likapiga chafya moja, basi.

Akaingiza mkono ndani, akapapasa. "Iko kitu kimoja bado. Sindano ya kabureta. Lete, mama, tumalize."

"Ile sikuchukua miye," Apolline akasema.

"Umeshaungama, ungama yote!"

"Haki ya mama yangu aliyenizaa! Nilikuwa kitandani, hata maji sikushika. Bwana yangu alisema ni mbuzi imemeza."

"Mbuzi yangu?" Françoise akaruka mbele, jembe mkononi. "Imeze chuma, na juzi imezaa mapacha? Acheni kumusingizia mama muzazi!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikapungua, kikakatika. Macho yote yakamgeukia Bulaimu. Naye akavua kofia yake polepole, akaingiza vidole viwili kwenye pindo la ndani, akatoa kijiti kidogo kinachong'aa, akakiweka kwenye beseni.

"Mama Claudine," akasema, "ile juma ya homa hukuiba kitu hata kimoja. Miye ningefanya nini? Nikajiibia mwenyewe." Akamgeukia Kakule. "Patron, njia umupatie Mbaraka. Miye nataka kubaki nyumbani na bibi yangu."