Maneno ya Mama Ndani ya Kitochi

Tii.

Mlio ulitoka gizani, ndani ya ndoo ya mchele, mara moja tu. Regina aliruka kitandani, akapiga magoti sakafuni na kuzamisha mkono kwenye mchele. Alipokitoa kile kitochi, simu ndogo ya vitufe, kioo kilikuwa kinawaka. Akabana pumzi. Kikaonyesha picha ya betri, kikatetemeka, kikazimika.

"Mama, kimepona?" Irene aliuliza kutoka chini ya shuka.

"Kimekaribia, mwanangu. Lala."

Hakikuwa kimekaribia kitu. Ilikuwa simu ya marehemu mama yake, Josephina, na ililowa chini ya paa lililovuja wakati wa msiba kule Matombo. Regina alishaianika kwenye bati, alishaipuliza, alishaisugua kwa mswaki na spiriti. Mafundi wote wa Mafiga waliitazama wakacheka. "Dada, nunua nyingine." Utadhani alikuwa anatafuta simu.

Alichokuwa anatafuta ni sauti. Mama mdogo ndiye aliyemnong'oneza wakati wanaosha vyombo vya msiba: "Mama yako alipozidiwa alikaa barazani na hiyo simu, akakurekodia maneno. Akasema, Regina akija asikilize." Na Regina hakuwa amekanyaga pale tangu siku alipofukuzwa na mimba ya Irene tumboni, mama yake kasimama mlangoni anamwambia asirudi. Ndani ya kitochi kile kulikuwa ama na radhi, ama na laana. Bila kusikia, angejuaje?

Kulipokucha wakaenda Mkuyuni, kwenye kibanda cha fundi wa redio, mzee Abdulatif.

"Shikamoo babu," alisema Irene.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe nakuitikia. Huyu uliyekuja naye simjui. Nasikia alifika msibani kula pilau tu."

"Shikamoo, mtani," alisema Regina, akijilazimisha kucheka. Ukoo wa mzee huyu na ukoo wao ni watani wa kuzikana, kwa hiyo hakuna neno asiloruhusiwa kulisema. Siku ya mazishi ndiye aliyejilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Kisha akajifunga kanga ya marehemu, akawagombeza wapishi kwa sauti ile ile ya marehemu mpaka waliokuwa wanalia wakashika mbavu.

Alikifungua kitochi akakinusa. "Lo! Mama yenu alikuwa anapigia simu hiki, au anapikia mchicha?"

Betri ilikuwa imevimba. Akachukua betri ya tochi, akaiunga kwa nyaya mbili na kuifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tairi. Regina akashikilia nyaya kwa vidole. Kioo kikawaka, kikafa. Wakabadilisha nyaya. Kikawaka, kikatoa harufu ya kuungua, kikafa.

"Shika vizuri! Mkono unatetemeka kama umetoka kilabuni."

"Si ndivyo nilivyoshika!"

"Usinigombeze mimi. Kamgombeze aliyenunua hili takataka."

Akaichomoa memori kadi, akaisugua kwa kifutio cha mwanafunzi, akaichomeka kwenye redio yake. Redio ikakwaruza. Akaitoa, akailamba, akaichomeka tena. Ikakwaruza, ikanyamaza kabisa. Irene alichoka kusimama, akatoka kwenda uani kufukuza bata.

Regina alipiga meza, skrubu zikatapakaa chini. "Kila mtu ananiambia tupa, tupa! Basi na wewe sema tupa, mtani, niende zangu!"

Mzee aliinama kuokota skrubu. Alipoinuka, hakuwa anatania.

"Humu kuna nini hasa?"

Regina akamweleza. Mlango ule, mimba ile, maneno ya barazani. Alieleza haraka haraka, bila kumtazama, maana angemtazama angelia.

"Hamkuwahi kuagana?"

"Nilimkuta keshafunikwa."

Abdulatif alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akatia memori kadi mfukoni, pale pale ilipokuwa simu yake.

"Nisubiri. Nikaisafishe kwa petroli huko nyuma. Humu ndani tutaungua."

Alikawia. Regina alifunga pindo la kanga, akalifungua, akalifunga. Alikuwa ameshaanza kukusanya vipande vya kitochi kwenye mfuko wakati mzee aliporudi, jasho likimtoka puani. Alichomeka kadi kwenye redio, akaishikilia kwa kidole gumba.

"Sikiliza kabla haijakufa tena."

Ikakwaruza. Kisha kikohozi. Kikohozi kile kile cha mama cha asubuhi, cha moshi wa kuni.

"Regina. Ni mimi mama yako. Maneno ya siku ile yalikuwa ya hasira, na hasira ni mavi, mtu hakai nayo. Radhi yangu unayo. Unayo wewe na mtoto wako. Nyumba ni yako, shamba la migomba ni lako, usiogope kupita mlangoni. Na acha kulia, utamtisha mtoto."

Mkwaruzo. Kimya.

Regina alilala juu ya meza katikati ya nyaya na vipande vya redio, akalia kwa sauti kama ambavyo hakulia hata siku ya kuzika. Aliushika mkono wa mzee, akaubusu. "Mungu akulipe, mtani. Mungu akulipe." Abdulatif aliutazama ukuta.

Irene alikuwa amesimama mlangoni, manyoya ya bata yamemganda kwenye gauni. Alimtazama mama yake, akaitazama redio.

"Mama, babu alikuwa anaiambia simu yake maneno hayo hayo kule nyuma ya choo."