Skrini Iliyotakata

Mume wa Modesta alikuwa ameomba jambo dogo tu: video ya kwaya iache kukwamakwama. Skrini yao ya kompyuta ilikuwa ya mtumba, imenunuliwa Mombo, na waimbaji walionekana kama wamesimama ndani ya ukungu wa milima ya Magamba.

Modesta alifundisha kompyuta hapo Lushoto. Tatizo lile alilijua tangu alipoolewa, ila hakuligusa, kwa sababu aliyesimama mbele akiongoza wimbo alikuwa marehemu mke wa kwanza wa mumewe.

Leo alikosa kisingizio. Alifungua mipangilio, akapandisha ubora wa picha na kasi yake. Skrini ikazima, ikawaka.

Yule mwanamke akatokea wazi kabisa, akiyumba taratibu na wimbo kama mtu aliyemo chumbani. Alikuwa na mwanya, na kishimo shavuni kila alipofungua kinywa. Kumbe alikuwa mzuri kiasi hiki.

Chini ya uso ule kompyuta iliuliza: ibakize mabadiliko, au irudi ilivyokuwa? Sekunde zilikuwa zinapungua. Asipobonyeza chochote, ingerudi yenyewe.

"Imekubali?" mumewe aliuliza kutoka jikoni.

Modesta aliondoa mkono kwenye kipanya, akaukunja mapajani. Skrini ikazima. Ilipowaka, sura zote zilikuwa zimefifia tena.

"Bado inasumbua," alisema kwa sauti, ili asikike hadi jikoni.

"Nimemwona," mumewe alijibu, tayari amesimama nyuma ya kiti cha Modesta.