Vigingi Viwili

Sentimita nne kwa saa moja. Mjiolojia alivuta utepe tena kutoka kigingi cha upande huu hadi kigingi cha upande ule, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Ufa uliopasua mgongo wa kilima ulizidi kupanuka.

Upande mmoja wa ufa, mteremko ulishuka hadi kwenye nyumba za mtaa aliozaliwa. Upande wa pili palikuwa tambarare, na shule ya msingi juu yake.

Aliinama, akachokonoa ufani kwa ncha ya nyundo. Chini ya mawe kulikuwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi, limelowa kwa mvua ya siku tatu, linateleza kama sabuni. Kwa kawaida angefukua mahali pawili au patatu, akaweka dira juu ya tabaka na kusoma limeinamia upande gani. Kazi ya nusu siku hiyo, na nusu siku hakuwa nayo. Nyumba zilikuwa bondeni. Mama yake alikuwa bondeni. Kilima kingeporomokea wapi tena?

Alishuka mbio, akigonga mlango hadi mlango. "Tokeni! Pandeni shuleni! Acheni vyombo!"

Walimwamini, maana ni mtoto wao aliyesoma. Aliyegoma ni mama yake tu, aliyekaa kibarazani na kikombe cha chai.

"Nimesomesha mtu asome mawe, leo mawe yananifukuza kwangu! Nyumba hii haina hata ufa wa kupitisha sindano."

"Mama, nakuomba. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi."

Mama alimtazama usoni, akaweka kikombe chini. Aliuvuta mlango kwa kidole kimoja, ukafungika. Walipofika katikati ya mteremko mama akachoka, binti akambeba mgongoni.

Saa nane mchana watu wote walikuwa shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa akipambana na mlango wa darasa la tano, akiusukuma kwa bega.

"Tangu asubuhi umegoma kufunga," alilalamika. "Mbao za siku hizi! Afadhali leo kuna utulivu, malori ya kifusi hayajaja kwenye machimbo yaliyomega kilima hapo nyuma ya uwanja."

Mjiolojia aliitikia tu bila kusikiliza. Alikuwa anahesabu watu. Mia nne na kumi na wawili. Hakuna aliyebaki chini. Alikaa kwenye ngazi ya darasa, akamwegemea mama yake na kulia kidogo, kama mtoto.

Simu ikaita. Alikuwa mpimaji, mwenzake wa ofisini, aliyekuwa ng'ambo ya bonde na mashine yake ya kupimia, amesimama juu ya mwamba mgumu.

"Dada, nimevilenga vigingi vyako saa nzima. Cha upande wa nyumba hakijasogea hata unywele."

"Haiwezekani. Ufa umefika sentimita ishirini."

"Umefika, ndiyo. Kinachoondoka ni cha upande wa shule. Dada, watu wote hao ninaowaona uwanjani, nani kawapeleka hapo?"