Wale Tisa Wasiosikika

Mama Shuwena, jirani, anadai Tatu, binti anayeita vituo hewani, alikinyima chama chake cha redio kikombe kwa wivu tu.

Kumbe siku ile ya shindano la kunasa vituo vingi vya redio, ambapo kituo huhesabiwa kikisikika hewani tu, mwenyekiti Mzee Kibao aliwapigia simu marafiki tisa wenye vituo, akawaandika daftarini kana kwamba wamesikika. Tatu akachukua rula, akawakata wote kwa wino mwekundu.

"We binti, tutashindwa!"

"Tushindwe, mzee. Masikio haya ni yangu, na hayakuwasikia."

"Malaika wa hewani wewe! Zimebaki dakika kumi."

"Basi tuzitumie kuita."

Mzee akalainika, akamsogezea karatasi safi. "Nakili upya, mwanangu. Warudishe wale tisa, nakuomba."

Tatu akaiacha karatasi tupu, akavaa spika za masikioni, akazungusha kitufe cha masafa taratibu, akaita tena katikati ya mikwaruzo.